Somo: Kuandaa gari na mwili kwa safari za baridi ya Julai

Wanachama, habari za baridi. Tumeingia ule msimu wa Juni hadi Agosti ambapo jua la Nairobi huonekana kwa kubahatisha, na bado watu wanapanga kupanda Ngong Hills, Elephant Hill, au kulala Met Station kule Mlima Kenya. Nendeni. Ila tuelewane jambo moja kwanza: baridi yetu kavu si tatizo kubwa, tatizo ni unyevu. Ukungu kwenye kioo, maji ya bomba kwenye redieta, jinzi iliyolowa mlimani. Karibu kila hatua hapa chini inahusu kukaa mkavu.

Hesabu ya haraka kabla ya kufunga mizigo: kila mita 1,000 unazopanda, toa nyuzi 6 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700, Met Station mita 3,050, kilele cha Point Lenana cha Mlima Kenya mita 4,985. Asubuhi ikiwa nyuzi 12 mjini, kule Lenana tegemea nyuzi 8 chini ya sufuri, na upepo bado hujauhesabu.

Hatua ya 1: Vioo. Mkiwa watu watano garini na madirisha yamefungwa, pumzi zenu zinageuka maji kwenye kioo. Kufuta kwa kiganja kunaacha mafuta ya ngozi, na ukungu unarudi ukiwa mbaya zaidi. Washa AC pamoja na hita, elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, na zima ile swichi inayozungusha hewa ya ndani. Najua wengi mnaiona AC kama ya kiangazi tu. Hiyo AC ndiyo inayokausha hewa, hita inaipasha joto. Safisha kioo kwa ndani pia, maana uchafu ndio unaoshika matone. Waipa nazo, pitisha kidole kwenye mpira wake: ukikuta mikwaruzo au umekakamaa, nunua nyingine leo, usingoje mvua ikukute Limuru.

Hatua ya 2: Redieta na betri. Magari mengi yanayoingia kutoka Japani huja na kulanti (kimiminika cha kupoza injini) nzuri, kisha fundi anaimwaga siku ya kwanza ya sevisi na kujaza maji ya bomba. Maji huleta kutu na huganda kwa nyuzi 0. Mchanganyiko wa nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa hauwezi kuganda popote gari lako litakapofika nchini. Angalia injini ikiwa imepoa. Usifungue mfuniko wa redieta ya moto hata kidogo. Kwenye betri, tazama vichwa vyake. Ule unga mweupe au wa kijani uliojikusanya pale huzuia umeme kupita. Zima gari, ondoa waya wa hasi kwanza, sugua kwa brashi ukitumia maji ya uvuguvugu yenye magadi, kausha, kisha urudishe kwa kukaza. Gari likianza kuwaka kwa kujivuta asubuhi za Nairobi, kule Naro Moru chini ya Mlima Kenya halitawaka.

Hatua ya 3: Tairi. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Tairi likiisha hadi kulingana navyo, limebakiza milimita 1.6, na kwenye lami iliyolowa hapo unateleza tu. Spea ipimwe pia.

Hatua ya 4: Barabara. Hapa ndipo nataka mnisikilize. Kipande cha Rironi, Limuru, Kimende, Kinale hadi Soko Mjinga kinaweza kuwa cheupe saa moja asubuhi hadi usione gari lililo mbele yako. Tumia taa za chini. Taa za full hugonga matone ya ukungu na mwanga wote unakurudia machoni. Usiendeshe ukiwa umewasha hazadi (taa za dharura): wa nyuma atadhani umesimama, na ukitaka kugeuka huna indiketa ya kumwonyesha. Macho yako yafuate mstari wa ukingo wa kushoto, si taa za nyuma za lori, kwa sababu lori likienda mtaroni nawe utaenda. Mwendo wako uwe ule unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Kuna mikokoteni ya punda isiyo na taa, na akina mama wanaovuka na magunia ya viazi. Matatu zitakupigia honi na kukupita. Ziache zipite. Ukishindwa kabisa, ingia kituo cha petroli. Usiegeshe kando ya lami.

Hatua ya 5: Mavazi. Nenda soko la mitumba la Gikomba au Toi mapema, mizigo ikifunguliwa. Soma lebo ya ndani: pamba tupu, irudishe. Pamba ikilowa jasho inakaa na maji na kukunyonya joto la mwili. Tafuta vesti ya poliesta au sufu, juu yake flisi (sweta laini ya poliesta), juu kabisa jaketi la kuzuia mvua na upepo. Jinzi ibaki nyumbani. Marvini (kofia ya kufunika masikio), glavu, na jozi mbili za soksi. Moja haivaliwi mpaka uingie kulala.

Hatua ya 6: Ndani ya gari. Blanketi, tochi, maji, chai kwenye thamosi, waya za kushtua betri, pembetatu za kuakisi, simu iliyojaa chaji. Hayo yanatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Rongai: Mwalimu, je, niache gari likinguruma dakika kumi kila asubuhi ndipo nitoke?

Jibu: Hapana ndugu yangu, unachoma petroli bure. Dakika moja inatosha, kisha endesha polepole bila kukanyaga sana mpaka mshale wa joto upande. Na usilingurumishe ndani ya gereji iliyofungwa.

Mama wa mji wa Kikuyu: Tukipiga kambi, naweza kuingiza jiko la makaa hemani nikiacha zipu wazi kidogo? Nina watoto.

Jibu: Mama, usiingize, hata zipu ikiwa wazi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Nyumbani pia ni hivyo hivyo. Chemsha maji nje, tia kwenye chupa imara, izungushie soksi na uwape watoto miguuni.

Wa Umoja: Kachupa kadogo ka brandi mlimani je? Si kanaondoa baridi?

Jibu: Kanakudanganya, kaka. Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozini, unahisi joto huku mwili unalipoteza. Kunywa chai yenye sukari. Na mwenzako akianza kujikwaa, kuongea kama mlevi, au kuacha kutetemeka ilhali bado kuna baridi, mvue nguo zilizolowa, mfunike, na uite msaada. Kichwa kikiuma sana huku anatapika kule juu, mteremshe, hata kama ni usiku.

Dada anayehamia Montreal, Kanada: Mimi ni nesi, nahama Desemba. Haya yote yatanifaa huko?

Jibu: Vioo na betri, ndiyo. Mengine ni mapya, dada. Quebec, jimbo lenye Montreal, sheria inadai tairi za majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, zote nne. Mpira wa tairi za kawaida hukakamaa halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7. Kwenye madaraja punguza mwendo mapema, kwani barafu hutangulia hapo na huioni. Gari likiteleza, toa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani unakotaka kwenda. Likiwa na ABS (breki zinazozuia magurudumu yasijifunge) na unahitaji kusimama, kanyaga breki ushikilie, usipigepige. Ukikwama kwenye theluji, baki garini, ondoa theluji kwenye ekzosi kabla ya kuwasha injini, washa dakika kumi tu kila saa, na uteremshe dirisha kidogo. Maji ya waipa nunua yasiyoganda. Ukipata nafasi, omba mwenyeji akupeleke kwenye maegesho matupu yenye theluji ujaribu breki taratibu kabla hujaingia barabarani peke yako.