Taarifa za bure za VIN zinatoka wapi: kwa mnaonunua gari mkononi Marekani

Ndugu zangu mliopo Marekani, kabla hujamtumia mtu hela ya gari uliyoiona mtandaoni omba VIN kwanza, ile chasisi namba ya herufi na tarakimu 17, ipo kwenye dashibodi upande wa dereva unaisoma ukiwa nje kupitia kioo, ipo pia kwenye stika ya mlango wa dereva, na zote zifanane na iliyoandikwa kwenye taito, yaani hati ya umiliki wa gari. Zikipishana ondoka.

Sasa shida, watu wanaingiza VIN kwenye saiti yoyote iliyoandikwa bure, ikija safi wanalipa. Hakuna sehemu moja yenye kila kitu jamani, kila mtu anakuonyesha kile alicholetewa tu.

NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, inapata taarifa toka kwa watengenezaji wenyewe: mwaka, injini, kiwanda. Muuzaji akisema silinda sita na VIN ikasema nne, umeshajua. Wanaonyesha pia kama gari iliitwa na kampuni kurekebishwa kasoro na haijapelekwa, na hiyo dila, yaani wakala wa kampuni ya gari, anatengeneza bure hata kama umenunua mkononi. Ajali hutaziona hapo, na saiti nyingi za bure zinachota humohumo halafu zinaomba kadi.

Taarifa za wizi na salvej, yaani gari iliyoharibika sana mpaka bima ikaihesabu imekufa, ziko NICB, shirika la makampuni ya bima la kupambana na wizi na utapeli, bure kabisa, zinatoka kwenye makampuni ya bima ambayo ni wanachama. Hapa ndo wengi wanaumia. Gari ilikuwa na bima ndogo ya kulipa wengine tu, ikazama kwenye mafuriko, mwenyewe hakudai chochote maana hakuna wa kumdai, akaianika akaisafisha akaiuza, NICB wataijulia wapi? Kwa hiyo fungua mkeka, nusa, angalia kutu chini ya siti, mpeleke fundi wako.

Kuna NMVTIS pia, mfumo wa taifa wa taarifa za taito za magari, imetokana na sheria ya 1992, inakusanya toka DMV za majimbo, zile ofisi za usajili wa magari, bima na yadi za skrepa, ili gari ya salvej isihamishiwe jimbo lingine ikapewa taito safi. Hiyo si bure, ila ni dola chache tu, pitia kwa watoa huduma walioorodheshwa na Wizara ya Sheria, mimi nasema lipa.

Na ukiwa wewe ndo unauza, mnunuzi akikung'ang'aniza ununue ripoti kwenye saiti anayoitaka yeye, usiweke kadi yako, mpe VIN akatafute mwenyewe.