Kazi ya Springi ya Mafuta Kwenye Trekta la Zamani

Wenye matrekta ya zamani ya petroli, kama Ferguson TE20 iliyotengenezwa kuanzia 1946 hadi 1956 au Ford 8N ya 1947 hadi 1952, mara nyingi hudhani kwamba springi iliyo kati ya mkono wa mafuta na gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, ni ya kurudisha mafuta chini tu. Kwenye gari ndivyo ilivyo, lakini kwenye matrekta haya kazi yake ni kinyume: springi huvuta kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ifunguke, na gavana ndiyo hufunga.

Ndani ya gavana mna vyuma vizito vinavyozunguka pamoja na injini. Mwendo ukizidi, vyuma hutanuka na kuishinda springi, nayo mafuta hupungua. Plau inapokutana na udongo mgumu na injini kuanza kuelemewa, nguvu ya vyuma hupungua na springi huongeza mafuta kabla dereva hajagusa kitu. Kwa hiyo unaposogeza mkono wa mafuta, kwa kweli unaikaza au kuilegeza springi, yaani unachagua mwendo ambao gavana itaulinda.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba springi hii isibadilishwe kwa yoyote iliyopatikana kwenye kopo la vyuma chakavu. Iliyo ngumu mno huifanya injini ipite mwendo wake, jambo linaloweza kuvunja injini na hata mashine inayoendeshwa na shafti ya nyuma. Iliyolegea huacha injini izimikezimike chini ya mzigo, na mwenye trekta huhangaika na kabureta na plagi zisizo na kosa. Ikikatika kabisa, injini hushuka hadi mwendo wa chini na haipandi.

Ukaguzi ufanyike injini ikiwa imezimwa. Ivue springi uitazame kwenye mwanga: pingili zilizoachana wakati haijavutwa ni dalili kwamba imechoka, na kwenye ndoano utaona mahali waya ulipolika ukawa mwembamba, ukang'aa, kwa sababu ya kusuguana na tundu la wenzo. Tundu lenyewe nalo hugeuka kuwa la umbo la yai. Ulegevu huo mdogo, ukijumlishwa na wa viungo vingine, huifanya injini ipande na kushuka bila kutulia, na hapo springi mpya peke yake haitatibu. Viungo vilivyolika vibadilishwe pia.

Kisha rudisha springi na uvute mkono wa mafuta hadi mwisho, injini ikiwa bado imezimwa. Wenzo wa kabureta unapaswa kufika mwisho wa kufunguka. Usipofika, rekebisha urefu wa fimbo inayotoka kwenye gavana, wala usiikunje springi ili kuufupisha mwendo wake. Fungua fimbo hiyo upande wa kabureta na ujaribu wenzo kwa kidole: lazima uteleze bila kukwama, maana kutu kidogo tu hutosha kuifanya gavana ichelewe.

Unapowasha, anza na mwendo wa chini, mkono mmoja ukiwa karibu na swichi ya kuzimia, kisha pandisha polepole huku ukipima mizunguko na kuilinganisha na kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta lako.