Kugeuza orodha unganishi: njia ya Mtwara isomeke kuanzia Nangurukuru

Chukua njia ya basi: Mtwara, Mikindani, Mingoyo, Lindi, Nangurukuru. Ukiihifadhi kama orodha unganishi ya upande mmoja (singly linked list), kila nodi, yaani kipande kimoja cha orodha, inabeba jina la kituo na kiashiria cha kituo kinachofuata. Nodi ya Mikindani inaijua Mingoyo, lakini haina habari na Mtwara iliyo nyuma yake. Ndiyo maana huwezi kuisoma safari ya kurudi mpaka ugeuze viashiria. Majina hayahamishwi wala nodi mpya haziundwi.

Kwa Python:

```python
class Kituo:
    def __init__(self, jina, mbele=None):
        self.jina = jina
        self.mbele = mbele

def geuza(kichwa):
    nyuma = None
    sasa = kichwa
    while sasa is not None:
        baki = sasa.mbele
        sasa.mbele = nyuma
        nyuma = sasa
        sasa = baki
    return nyuma
```

Fuata mzunguko wa kwanza kwa kalamu. `sasa` ni Mtwara. `baki` inaishika Mikindani, na pamoja nayo njia yote iliyosalia. Kisha Mtwara inaelekezwa kwa `None`, yaani hakuna kinachofuata, kwa sababu Mtwara ndiyo mwisho wa njia ya kurudi. `nyuma` inakuwa Mtwara, `sasa` inakuwa Mikindani. Mzunguko wa pili unaielekeza Mikindani kwa Mtwara, na kazi inaendelea hivyo hivyo. `sasa` ikifika `None`, `nyuma` imesimama Nangurukuru, na hicho ndicho kichwa kipya, yaani nodi ya kwanza. Ukirudisha `sasa` badala ya `nyuma`, unapata orodha tupu.

Mpangilio wa ile mistari minne iliyo ndani ya kitanzi cha `while` hauna mjadala. Ukigeuza kiashiria kabla ya kujaza `baki`, `baki` itapata `None`, kitanzi kitaisha baada ya mzunguko mmoja, na utabaki na Mtwara peke yake. Python itazifuta nodi nyingine zikikosa anayezishika. Kwa lugha ya C zitabaki zimekalia kumbukumbu bure.

Hapa kuna mtego: dalili hiyo hiyo, Mtwara peke yake, hutokea hata `geuza` ikiwa sahihi kabisa. Sababu ni kuandika `geuza(njia)`, ambapo `njia` inashika kichwa cha orodha, bila kupokea jibu. `njia` bado inaishika nodi ya Mtwara, ambayo sasa ni mkia. Andika `njia = geuza(njia)`. Kutofautisha makosa haya mawili, chapisha jina la nodi iliyorudishwa: likiwa Nangurukuru, tatizo liko kwa mwitaji, yaani mstari unaoiita `geuza`; likiwa Mtwara, liko ndani ya kitanzi.

Kosa jingine ni kuanza na `nyuma = kichwa`. Mtwara itajielekeza yenyewe, na kuchapisha orodha hakutakoma.

Wapo wanaopenda toleo la fanksheni inayojiita yenyewe (recursion). Linapendeza kwenye karatasi, ila Python kwa kawaida huweka kikomo cha miito 1000, hivyo orodha ya nodi 5000 itakutupia `RecursionError`. Kitanzi hakina shida hiyo: kinapita kila nodi mara moja na kutumia vigezo vitatu tu, orodha iwe ndefu kiasi gani.

Kumbuka pia kwamba njia ya kwenda haipo tena. Ukiihitaji pamoja na ya kurudi, nakili nodi zote kabla ya kugeuza.

Jaribu kwa orodha tupu, ya nodi moja, ya nodi mbili, halafu hiyo ya vituo vitano. Ya nodi mbili usiiruke: ile ya nodi moja hupita hata ukiwa umekosea mpangilio wa `baki`.