Kumchorea Mzazi Mahali Anapopapenda kwa Rangi ya Maji

Wengi wanaokuja kujifunza kuchora kwangu hapa Kisumu hutaka kuanza na uso wa mama au wa baba. Mimi huwashauri waanze na mahali, kwa sababu uso ukikosewa kidogo kwenye jicho au mdomo huwa wa mtu mwingine, ilhali mti ukisogea kidogo mchoroni, mzazi bado atapatambua mahali pale. Mfano nitakaoutumia ni ufuo wa Dunga, kwenye ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, uliochorwa kwa ajili ya baba aliyewahi kuvua huko.

Hatua ya 1: Msikilize atakayepewa. Kabla ya kununua chochote, mwombe akusimulie kuhusu mahali hapo bila kumfunulia nia yako, kisha utilie maanani kile anachokitaja tena na tena. Akirudia habari za mashua na omena walioanikwa, hivyo ndivyo viwe kiini cha mchoro, hata kama wewe unavutiwa zaidi na machweo ya jua.

Hatua ya 2: Andaa vifaa. Nunua karatasi ya rangi ya maji ya ukubwa wa A3 yenye uzito wa gramu 300 kwa mita mraba, kwa kuwa iliyo nyepesi hujikunja inapolowa. Utahitaji pia penseli ya HB, kifutio laini, brashi moja nene na nyingine nyembamba, sanduku la rangi, na mikebe miwili ya maji: mmoja wa kusuuzia brashi, mwingine wa maji safi ya kuchanganyia. Bandika kingo nne za karatasi kwenye ubao kwa utepe wa karatasi.

Hatua ya 3: Hamisha picha kwa miraba. Piga picha ya mahali hapo, uichapishe kwa sentimita 10 kwa 15, kisha uigawe kwa mistari kila baada ya sentimita 1. Kwenye karatasi chora mstatili wa sentimita 20 kwa 30 wenye mistari kila baada ya sentimita 2, ndipo unakili mraba mmoja baada ya mwingine. Karatasi ya A4 haitoshi, maana urefu wake ni sentimita 29.7 tu. Mistari iwe hafifu, na uifute kabla ya kupaka rangi, kwa sababu ikishafunikwa na rangi ni vigumu kuiondoa.

Hatua ya 4: Paka rangi. Hapa ndipo penye kazi kubwa, na subira ni muhimu kuliko kipaji. Rangi ya maji huanza na iliyo hafifu na kuishia na iliyokolea. Weupe wa mawingu na wa tanga ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kupakwa. Lowesha sehemu ya anga kwa maji safi, upake bluu nyepesi, kisha uache ikauke kabisa. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono: ikiwa bado ni baridi, haijakauka, na rangi mpya itaacha madoa. Wakati wa masika hewa huwa na unyevu na kusubiri huwa kurefu. Ukifika kwenye ziwa, yatazame maji jinsi yalivyo. Karibu na ufuo, maji ya ghuba ya Winam mara nyingi huwa ya kijani kilichochanganyika na udongo, na mahali pengine gugu maji limetanda. Baba aliyevua humo hatayatambua maji ya bluu ya kwenye kadi. Vivuli vya mashua vitoe kwa kuchanganya bluu na kahawia, kwani nyeusi ya sandukuni hufifisha kila kilicho karibu nayo.

Hatua ya 5: Malizia na ulinde kazi. Bandua utepe taratibu mchoro ukishakauka. Nyuma yake andika kwa penseli jina la mahali, la mpokeaji na mwaka. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadibodi kati ya mchoro na kioo, maana karatasi inayogusana na kioo hunasa unyevu na kuota ukungu. Utundikwe mbali na jua la dirishani, ambalo hupausha rangi. Ikiwa mzazi anaishi mbali, tuseme Nakuru, utume mchoro kwa basi ukiwa umelazwa kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, na kioo kitiwe hukohuko.