Kebo ya umeme ya amplifaya: pima tofauti ya ile ya bei kali na ya kawaida

Tofauti ya ukinzani, yaani jinsi kebo inavyozuia umeme, ipo na inapimika. Swali ni ukubwa wake, na hapo mita iliyowekwa kwenye omu haikusaidii: nyaya zake peke yake zinaweza kusoma omu 0.1 hadi 0.3, zaidi ya kebo nzima. Pima kwa kupitisha mkondo.

Tafuta betri ya gari ya volti 12, taa ya indiketa ya wati 21, mita mbili, na tundu la umeme lililong'olewa kwenye pawasaplai mbovu ya kompyuta. Lehemu kipande kifupi cha waya mnene wa shaba kati ya laivu na nyutro ya tundu hilo, kisha liandike SHOTI kwa wino mwekundu. Likisahaulika kwenye kebo na plagi ikaingia ukutani, ni hatari. Kipimo chote kinafanyika kebo ikiwa nje ya soketi.

Chomeka kebo kwenye tundu. Toka chanya ya betri, pita kwenye taa (ikae karibu na betri, ili nyaya zikigusana taa izuie mkondo), kisha mita ya kwanza kwenye ampia 10, hadi pini ya laivu ya plagi. Kutoka pini ya nyutro rudi hasi. Utapata kama ampia 1.7. Mita ya pili iweke kwenye milivolti 200 na uguse chuma cha pini zenyewe. Wengi hugusa klipu, wakaishia kupima kutu na ulegevu wa klipu. Gawanya milivolti kwa ampia: jibu ni miliomu.

Kebo ya mita 1.5 yenye shaba ya milimita za mraba 0.75 hutoa kama miliomu 69; yenye shaba ya 1.5, kama 34; yenye shaba ya 2.5, kama 21, pamoja na kidogo cha fyuzi na viungio. Plagi zote ziwe na fyuzi ya ukubwa mmoja, maana ya ampia 3 ina ukinzani mkubwa kuliko ya 13. Kebo iliyoandikwa 0.75 ikisoma 110, shuku alumini iliyopakwa shaba. Waya ukinaswa na sumaku, ndani ni chuma, usiununue kwa bei yoyote.

Sasa hesabu. Amplifaya inayovuta wati 200 kwa volti 230 hutumia kama ampia 0.9. Kutoka 0.75 kwenda 2.5 unaokoa volti 0.04; mkondo wa kilele ukiwa mara tano, volti 0.2. Lakini mita 15 za waya wa 2.5 ndani ya ukuta zina miliomu 206, na birika la wati 2000 kwenye laini hiyohiyo linashusha volti 1.8. Kebo ya bei kali haiwezi kuurekebisha waya huo wa ukutani.

Ukisikia mngurumo, kagua kwanza ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini): vifaa vyote vichomeke kwenye soketi moja, lakini usikate ethi kamwe. Kisha sogeza kebo ya umeme sentimita 30 kutoka nyaya za sauti, na zikilazimika kukutana zikatizane kwa pembe mraba.