Kusoma mchoro wa umeme wa gari: fuata njia ya umeme

Mchoro wa umeme wa gari haukuonyeshi waya umelala wapi. Waya wa mita nne unaopita chini ya zulia unaweza kuchorwa kwa mstari wa sentimita mbili, na fyuzi iliyo chini ya usukani ikachorwa ubavuni mwa betri. Unachoonyeshwa ni umeme unakotoka, unapopitia na unakorudi, basi.

Tuchukue taa kubwa. Usianzie kwenye betri, maana hapo mistari inatawanyika kila upande. Weka kidole kwenye alama ya balbu, ile duara yenye msalaba ndani. Fuata upande mmoja mpaka kwenye vistari vitatu vinavyopungua urefu: hiyo ni ethi, yaani bodi ya gari. Rudi kwenye balbu ufuate upande wa pili. Kwa kawaida utakutana na relei (swichi inayoendeshwa na umeme), fyuzi, kisha betri. Mistari miwili inayokatizana haijaungana mpaka uone nukta nyeusi kwenye makutano.

Relei ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ni kisanduku kimoja chenye sakiti mbili. Kwa namba za Kijerumani zinazoandikwa kwenye pini zake, 85 na 86 ni koili (waya uliozungushwa, unaovuta swichi ya ndani kwa sumaku), 30 hupokea umeme wa betri, na 87 huupeleka kwenye taa. Toyota nyingi huandika 1 na 2 kwa koili, 3 na 5 kwa njia ya mzigo, yaani umeme mkubwa unaokwenda kwenye taa. Balbu mbili za wati 55 kwa volti 12 huvuta zaidi ya ampea 9, ilhali koili ya ohmu 80 huvuta ampea 0.15 tu. Ndiyo maana swichi ya usukani huachiwa koili. Ikibebeshwa mzigo wote, midomo yake, yaani vyuma vinavyogusana ndani ya swichi, huungua mapema. Kumbuka pia kwamba relei huchorwa ikiwa haina umeme, yaani kabla koili haijavuta.

Rangi nazo zina mtego: kwenye michoro ya Kijapani B ni nyeusi, bluu ni L. Waya ukiandikwa herufi mbili, ya pili ni ya ule mstari mwembamba juu ya waya.

Sasa washa taa, relei ikiwa mahali pake, upime kwa mita ya volti. Namba 30 haina umeme? Rudi kwenye fyuzi. 30 inao, na kati ya 85 na 86 kuna volti 12, lakini 87 haina kitu: relei imekufa. Koili haipati umeme: tafuta swichi, na usisahau kwamba Toyota nyingi za zamani hukata upande wa ethi.

Usipime taa ikiwa imezimwa. Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja bado utasoma volti 12 usipokuwa na mzigo. Taa ikiwaka hafifu, iache iwake, weka ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi ya balbu na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikizidi volti 0.5, fungua bolti ya ethi, kwangua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, kisha kaza upya.