Ruzuku ya kikundi Uskoti: sanduku kwanza, fomu baadaye

Nilipokuwa Tanga nilishika ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku la kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka akiba. Kufuli tatu, akina mama watatu, na siku ya kikao sanduku halikufunguka mpaka wote watatu wamefika. Nilipohamia Glasgow, tukaanzisha kikundi cha ushonaji cha akina mama wanaozungumza Kiswahili pale mtaa wa Springburn, nikachaguliwa mweka hazina kwa sababu ya ufunguo ule. Tangu hapo ni mimi ninayeandika maombi ya ruzuku, na siku hizi vikundi vya miji mingine hunipigia simu kuniuliza fomu inajazwaje. Fomu nitaifikia. Ila nikiwasikiliza vizuri, wengi wamekwama kabla ya fomu.

Hapa Uskoti, kwa ruzuku za namna hii, mfadhili hampi pesa mtu mmoja, anakipa kikundi, na kikundi kinatambulika kwa vitu viwili: katiba na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Mifuko mingi ya ruzuku ndogondogo haikulazimishi uwe umesajiliwa kuwa shirika la hisani. Usajili huo unafanywa na OSCR, mdhibiti wa mashirika ya hisani wa Uskoti, na ukisajiliwa unapata namba inayoanza na SC0. Ni jambo jema kulifikiria pesa zikikua au mkitaka kuajiri. Kwa kikundi cha akina mama kumi na nne wanaotaka ukumbi na cherehani, katiba na akaunti vinatosha kuanzia.

Katiba usiitunge kichwani. SCVO, chombo cha mashirika ya kujitolea Uskoti, wana katiba za mfano ambazo unajaza bure. Na kila moja ya wilaya 32 za Uskoti ina ofisi ya kusaidia vikundi vya kujitolea. Ukipiga simu halmashauri watakuelekeza ilipo. Nenda. Mtu wa ofisi ile alikaa na mimi saa mbili nzima, akasoma katiba yetu mstari kwa mstari, na hakuniomba hata senti.

Na ndiye aliyeona kosa letu. Katiba yetu ya kwanza niliinakili kutoka kwenye kikoba, na kifungu cha mwisho kilisema, "Mwisho wa mwaka wanachama watagawana kilichobaki." Kwetu hicho ndicho kifungu kitamu kuliko vyote. Huku kinafunga mlango. Pesa ya ruzuku ni ya jamii, na katiba lazima iseme kwamba kikundi kikivunjika, mali yote iliyobaki itakwenda kwa kikundi kingine chenye malengo kama yenu. Tulikuwa tumeshanyimwa na mfuko mmoja kwa kifungu hicho, bila kuelewa kwa nini. Kwa hiyo, dada zangu, kama mna kikoba, au chama kama Wakenya wanavyosema, au likelemba kama Wakongo, endeleeni nacho, ni akiba yenu. Lakini kiwe mbali kabisa na kikundi cha ruzuku: daftari lake, pesa yake, kikao chake.

Akaunti ya benki ndiyo sanduku lenyewe. Wafadhili wanataka angalau watu wawili waidhinishe kila malipo, na wawili hao wasiwe ndugu, wasiwe mke na mume, wasiwe wanaishi nyumba moja. Aliyewahi kushika ufunguo wa kikoba hahitaji kuelezwa sababu. Anzeni mapema, kwa sababu benki inataka kitambulisho na uthibitisho wa makazi wa kila mtia saini. Yetu ilichukua miezi miwili. Wenzetu ambao bado wanasubiri jibu la ombi la hifadhi ya ukimbizi wanaweza kuwa na nguvu na akili kuliko sisi wote, lakini benki huwasumbua kwa karatasi, hivyo tulichagua watia saini wenye makaratasi kamili, na hao wanaosubiri tukawapa nafasi nyingine kwenye kamati.

Sasa, pesa ziko wapi?

Foundation Scotland ndiyo taasisi ya kijamii inayofahamika zaidi kwa kazi hii. Usiifikirie kama kapu moja. Inasimamia mifuko mingi ya watu wengine: familia, makampuni, na hasa mashamba ya mitambo ya umeme wa upepo. Serikali ya Uskoti inahimiza wenye mitambo ya nchi kavu wachangie jamii jirani pauni 5,000 kwa kila megawati kila mwaka, ndiyo maana kuna vijiji vidogo huko milimani vyenye mfuko mnono. Lakini mfuko wa upepo una mpaka. Unaweza kuona minara ya shamba la upepo la Whitelee, yote 215, ukiwa juu ya kilima cha kusini mwa Glasgow, na bado kuiona hakukupi haki ya kuomba. Mara nyingi mwenye kuamua ni jopo la wakazi wa eneo lile, watu wanaojua ukumbi unaoutaja na barabara inayofika pale. Kwa hiyo kitu cha kwanza kusoma kwenye ukurasa wa mfuko wowote ni ramani au orodha ya maeneo. Usipokuwa ndani, funga, tafuta mwingine.

Sisi wa mjini tunatafuta zaidi kwenye Funding Scotland, tovuti ya bure ya SCVO. Unaingiza eneo, aina ya kikundi na kiasi mnachotaka, nayo inakuletea mifuko inayofanana na ninyi. Kuna pia pesa za Bahati Nasibu ya Taifa, mpango wa Awards for All Scotland, kuanzia pauni 300 hadi 20,000.

Ukipata mfuko unaokufaa, piga simu kabla hujaandika neno. Hapa ndipo wengi wetu tunaona haya. Tunaogopa lafudhi, tunaogopa kuonekana hatujui, kwa hiyo tunajaza fomu kimya kimya usiku na kungoja. Afisa wa mfuko yuko pale kujibu. Nina maswali matatu ninayouliza kila mara: kikundi chetu kinakubalika? Kazi yetu inaingia kwenye malengo ya mfuko mwaka huu? Kiasi gani mnawapa wanaoomba kwa mara ya kwanza? Dakika kumi. Siku moja jibu la swali la pili lilikuwa hapana, nikashukuru, nikaokoa wiki mbili za kuandika.

Bajeti ndiyo ninayotaka kukaa nayo, maana hapo ndipo msomaji anajua kama mmeketi mkafikiri. Hii ni yetu ya wiki 40. Ukumbi pauni 18 kwa saa, saa tatu, wiki 40: 2,160. Mwalimu wa kushona pauni 22 kwa saa, saa mbili: 1,760. Cherehani nne za 189 kila moja: 756. Vitambaa na nyuzi 320. Nauli ya basi kwa akina mama sita wanaotoka mbali, pauni 5 kila Jumatano: 1,200. Chakula cha mchana pauni 15 kwa wiki: 600. Bima 90. Jumla 6,886. Kisha tukatoa mchango wetu wenyewe, pauni moja kila mama kila wiki, wote kumi na nne, yaani 560, tukaomba 6,326.

Kila namba pale ina karatasi nyuma yake. Bei ya ukumbi niliipata kwa barua pepe kutoka kwa msimamizi, cherehani nilichukua profoma za maduka mawili, bima hivyo hivyo. Nauli niliiangalia mara mbili. Uskoti watoto na vijana walio chini ya miaka 22 wanapanda basi bure wakiwa na kadi yao, na waliotimiza 60 pia. Ukimwekea nauli binti wa miaka 19, anayesoma bajeti anajua hukuuliza. Bali mama wa miaka 35 anayesubiri hifadhi, kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi na anaishi kwa posho ya chini ya pauni 50 kwa wiki. Kwake pauni 5 ya basi ni kuja au kutokuja. Hilo niliandika wazi, kwa sentensi moja, na halikuulizwa tena.

Jambo jingine la wenzetu hao: wanaruhusiwa kujitolea kwenye kikundi kama chetu, lakini hawalipwi. Warudishieni nauli waliyotumia, kwa tiketi au risiti. Msiwape posho ya mkupuo, hata mkiwa na moyo mwema kiasi gani, kwa sababu inaweza kuhesabiwa mshahara na kuwaharibia kesi.

Na kama kuna watoto, kama sisi tulivyo na kona ya watoto, mtu anayewaangalia huenda akahitajika kuwa kwenye PVG, mpango wa kukagua rekodi za wanaofanya kazi na watoto. Tangu tarehe 1 Aprili 2025 ni sharti la kisheria kwa kazi zinazodhibitiwa za kukaa na watoto. Wanaojitolea kwenye vikundi vinavyostahili hawalipii. Ulizeni ile ofisi ya wilaya kazi yenu inaingia au haiingii. Andikeni pia sera fupi ya kulinda watoto, mfadhili ataiomba.

Sasa maneno yenyewe. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Akina mama wetu wanateseka sana na upweke na baridi katika nchi hii ya ugeni." Ni kweli tupu, na haikumweleza msomaji tutafanya nini. Niliifuta nikaandika: "Wanawake 14 kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wanaoishi Springburn na jirani watakutana kila Jumatano, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, kwa wiki 40. Watajifunza kushona, watakula pamoja, na watafanya mazoezi ya Kiingereza cha dukani, cha shuleni na cha kwa daktari." Baada ya hapo ndipo nikaweka habari ya mama mmoja wa Bukavu, kwa ruhusa yake na bila jina. Miezi ya kwanza alikuwa anakuja na mwanawe wa miaka kumi na mmoja ili amtafsirie, na mtoto anakosa shule. Kufika Pasaka alipiga simu zahanati mwenyewe, mbele yetu, simu imewekwa kwa sauti. Alipokata tulipiga vigelegele hadi msimamizi wa ukumbi akaja kuchungulia. Niliandika mpaka pale kwenye simu, nikataja daftari la mahudhurio linaloonyesha tarehe alizokuja. Machozi sikuyaandika, ingawa yalikuwepo.

Andika kwa Kiswahili kwanza kama ndicho unachofikiria nacho, halafu mpate mtu wa kuwasaidia kuhamisha. Maneno ya kuazima kwenye fomu za watu wengine yanaonekana.

Jambo moja lisilo na msamaha: msinunue kitu kabla ya barua ya kukubaliwa. Mifuko hailipi kilichokwisha kununuliwa, hata kama risiti ni ya jana.

Tulipewa 5,000, si 6,326. Nilipiga simu siku ileile, sikungoja kikao. Tulikubaliana tupunguze wiki kutoka 40 hadi 30 na vitambaa kutoka 320 hadi 280; cherehani na bima zikabaki kama zilivyo, mchango wetu ukawa 420. Hesabu ikaangukia 4,996. Nikaiandika upya, nikaituma, wakajibu kwa maandishi kwamba wameridhia. Maandishi hayo yatunzeni, kwa sababu afisa anaweza kuhama.

Tangu pesa iingie, nina bahasha kumi, moja kwa kila mwezi. Risiti inaingia siku inayopatikana, nyuma yake naandika kwa kalamu ilikuwa ya nini na nani alikuwepo, maana risiti za duka hufifia mpaka zikawa karatasi nyeupe. Nazipiga picha pia. Tarehe ya ripoti nimeibandika kwenye mlango wa jokofu. Na kila Jumatano, kabla hatujala, mama mwingine, asiye mimi, anahesabu bahasha ya mwezi kwa sauti na kutia saini kwenye daftari.